Sura Niliyoiondoa

Mwaka wangu wa pili chuoni ulipokuwa unakaribia kuisha, mhadhiri wa historia aliniita ofisini kwake, nami nikapanda ngazi nikijiuliza nimekosea wapi. Kumbe alitaka kuniambia kwamba nimechaguliwa. Idara yetu ilikuwa na programu ya heshima kwa wanafunzi wachache waliofanya vizuri kuliko wenzao. Mwaka wa mwisho hawakubanana na wengine kwenye kumbi kubwa za mihadhara. Walikuwa na chumba chao chenye meza ndefu, semina yao ya kila wiki, msimamizi kwa kila mmoja, na tasnifu ndefu ambayo mwisho wa mwaka waliieleza mbele ya wageni. Wanafunzi waliobaki nje walituita watakatifu, na hawakuwa wanatusifu.

Nilimkuta mama nyumbani Northfield, kusini mwa Birmingham, ametoka zamu hospitalini, bado amevaa viatu vyake vya kazi. Nilipomweleza alikaa chini pale pale kwenye ngazi.

"Rudia," alisema. "Pole pole."

"Nimechaguliwa, Mama."

"Mmechaguliwa wangapi?"

"Wachache."

"Na weusi?"

"Sijui bado."

Nilikuja kujua mwezi wa tisa, nilipofungua mlango wa kile chumba na wote wakageuka kunitazama kwa tabasamu la ukarimu mno.

Jumapili iliyofuata mama alisimama kanisani kutoa shukrani. Tulikuwa tunasali Hodge Hill, upande wa pili wa jiji, katika ukumbi wa shule uliokodishwa mchana, sisi Wakenya na familia za Kongo pamoja. Sisi ndio tuliokuwa wengi kwenye viti, manesi na wafanyakazi wa nyumba za wazee, lakini kwaya ilikuwa ya Wakongo na ndiyo iliyotufanya tubadilishe mabasi mjini kila wiki kufika huko. Mama alisema mwanawe ameingia mahali ambapo watoto wetu hawaingii. Watu walipiga makofi. Niliinamisha kichwa nikitamani aketi, ila nakumbuka pia kwamba nilifurahi.

Mimi nilitaka kuandika juu ya kalamu. Zamani jiji hili lilikuwa likitengeneza ncha za chuma za kalamu za wino na kuzisambaza dunia nzima, na waliokaa kwenye mashine walikuwa wanawake na wasichana. Nilikuwa nimeona moja ya ncha hizo kwenye makumbusho, ndogo kama ukucha wa mtoto, nikawaza vidole vilivyoishika. Msimamizi wangu alinisikiliza hadi mwisho. Alikuwa profesa wa makamo, mwanamke mpole mwenye nywele fupi nyeupe, ambaye kila nilipokwenda kwake alinichemshia chai ya tangawizi aliyoinunua kwa ajili yangu, akiamini ndiyo tunayokunywa kwetu.

"Hizo kalamu watu wameziandika wakachoka," alisema. "Lakini wewe una Kiswahili. Hakuna mwingine katika jengo hili aliye nacho. Kuna familia za Kongo hapa hapa mjini ambazo hakuna mtu amewahi kuzisikiliza kwa lugha yao."

Nilimwambia mimi ni mtu wa Nakuru. Nilikuja Uingereza nikiwa mtoto wa darasa la tatu, na vita vya Kongo nilivisikia kwenye taarifa ya habari kama yeye alivyovisikia.

"Hata hivyo wao watakufungulia mlango," alisema.

Hapo hakukosea.

Nilimwendea kiongozi wa kwaya. Alikuwa mama mwenye mabega mapana na sauti iliyoweza kujaza ukumbi bila kipaza sauti. Mumewe alifariki wakiwa bado kwenye kambi ya wakimbizi, akaja Birmingham na binti yake mmoja. Siku za kazi alitunza wazee, na siku nyingine alishona nguo nyumbani kwake, hapo hapo Hodge Hill, cherehani yake ikiwa dirishani ili jirani yeyote aliyepita aione. Nilimweleza baada ya ibada, tukiwa tunakunja viti.

"Unataka nini na mambo ya zamani, mutoto yangu?"

"Nataka kuyaandika, Mama. Ni ya masomo."

"Itakusaidia kupata diplome?"

"Itanisaidia."

"Basi kuya," alisema. Kwao hivyo ndivyo wanavyosema njoo.

Nilikwenda kwake majira yote ya vuli. Niliweka simu mezani ikirekodi, naye alizungumza huku akipinda mapindo ya magauni. Mwanzoni tulicheka sana. Yeye alisema batoto, mimi watoto. Samaki wadogo waliokaushwa niliwaita omena, yeye akasema hao ni ndakala na hajui hiyo omena ni kitu gani, tukabishana huku tunawala na sombe, yale majani ya muhogo yaliyotwangwa. Binti yake alikuwa kidato cha mwisho cha sekondari. Alikuwa akiingia jikoni na vipokea sauti masikioni, mama yake anamwuliza kwa Kiswahili kama amekula, anajibu kwa Kiingereza kwamba amekula, anapanda juu. Kwangu alikuwa mchangamfu. Aliniuliza maswali mengi kuhusu chuo, kama wanafunzi wa pale wanaringa, kama ni lazima mtu awe amesoma shule za kulipia. Nilimwambia wengine wanaringa, wengine hawana mazoea tu.

Tulikubaliana na mama yake tangu mwanzo. Jina lake halingeandikwa popote, na watakaosoma ni wasahihishaji wawili. Ndivyo programu ilivyotuambia, nami nilimwambia hivyo hivyo.

Alasiri moja ya mwezi wa kwanza, mvua inanyesha na binti yuko shuleni, alizima cherehani akaisogeza kazi yake pembeni.

"Nilikuwaka na batoto wawili," alisema.

Nilidhani sikusikia vizuri. Lugha yetu moja ilikuwa inatupotezea maneno mara kwa mara.

"Wawili, Mama?"

"Mukubwa alikuwa kijana. Alikuwa ameshaanza masomo."

Walipokimbia kushuka kutoka milimani kuelekea ziwani, baba yao akiwa mbali kikazi, mtoto mchanga alikuwa mgongoni kwake na huyu mkubwa alikuwa amemshika mkono. Walitembea na umati wa watu na mbuzi na magodoro. Miguu ya mvulana ilivimba, akawa anaketi barabarani kila wakati, na nyuma yao milio ya bunduki ilikuwa inasogea. Jirani mmoja, mwanamke waliyefahamiana naye sokoni, alikuwa anakokota baiskeli. Alisema atampakiza mtoto kwenye keria na watakutana kwenye misheni kule ufukweni. Mama akamwachilia mkono.

"Baiskeli ilipita mbele," alisema. "Nilikuwa naona shati yake. Halafu sikuiona."

Alingoja misheni hadi wenzake walipomburuta kumpandisha kwenye mtumbwi wa kuvukia upande wa Burundi. Aliuliza katika kila kambi aliyopita. Yule mwanamke wa baiskeli hakuna aliyemwona tena.

"Hakuna mutu ameniambia alikufa. Hakuna mutu ameniambia iko muzima."

Nilimwuliza kama binti yake anajua.

"Hapana. Yeye anajua ni mutoto wangu wa kwanza. Nitamwambia nini? Kwamba njiani nilimbeba yeye?" Alichukua tena ile nguo akaipapasa bila kuishona. "Wewe andika. Nimechoka kuwa nayo peke yangu. Lakini isifike kwa huyu mutoto."

Nilirudi Northfield kwenye basi nikiwa nimeishika ile simu kwa mikono miwili kama chombo chenye maji ya moto. Wiki nzima niliitafsiri habari ile, na sehemu ngumu kuliko zote ilikuwa pale aliposema nilimwachilia. Kwa Kiingereza nilijaribu neno moja likawa kama alimtupa, nikajaribu lingine likawa kama ulikuwa mchezo. Mwishowe niliandika kwamba walitenganishwa na umati. Lilikuwa neno la huruma, na ndilo lililobaki kwenye rasimu niliyompelekea msimamizi wangu.

Rasimu zetu zilisomwa na wote kwenye semina, jambo ambalo sikuwa nimemwambia yule mama. Siku ya zamu yangu, kijana mmoja mwerevu sana, mtoto wa wanasheria, aliniuliza kwa adabu tunajuaje kwamba mambo yalikwenda hivyo. Mwanzoni mama huyu anasema mto ulikuwa umekauka, alisema, na baadaye anasema nguo zililowa walipovuka. Msichana aliyekaa karibu naye alikuwa anafuta machozi. Alisema ni sura nzuri mno, kwamba hajawahi kusoma kitu kizuri namna ile.

Niliandika maneno yao pembeni mwa karatasi. Yule mama alishawahi kuketi mbele ya maafisa waliomwuliza juu ya mto, na nguo, na saa, wakilinganisha majibu yake ya leo na ya mwaka jana ili waamue kama atakaa au atarudishwa. Sasa alikuwa anaulizwa tena, hayupo, mezani pakiwa na biskuti. Na hilo neno "nzuri" nilitembea nalo hadi jioni.

Profesa alinishika bega tulipotoka. "Huu ndio moyo wa kazi yako," alisema. "Usiuguse."

Mwezi wa nne tulitangaziwa mambo mawili. Mwaka huu tasnifu zote za programu zitawekwa kwenye tovuti ya maktaba, mtu yeyote azisome. Na siku ya kueleza kazi zetu itakuwa kubwa kuliko kawaida, na wageni watatoka mjini. Wenzangu walifurahi. Mimi nilikwenda moja kwa moja kugonga mlango wa profesa.

"Naiondoa ile sura," nilimwambia.

Alikuwa anatafuta majani ya chai. Aliacha.

"Sura gani?"

"Ya mtoto wa baiskeli."

"Jina lake halimo. Tunaweza kubadilisha mahali, tubadilishe hata baiskeli."

"Ana binti, profesa. Anajua nilikuwa jikoni kwao na simu. Akiandika jina langu tu mtandaoni ataiona, na hahitaji kuambiwa huyo mama ni nani."

Hakuwa mtu mbaya. Nilimwona akipima, na nilijua anapima kwa ajili yangu.

"Ukiiacha, nadhani unapata daraja la kwanza, na tuzo ya idara pia," alisema. "Ukiitoa, wasahihishaji wataona shimo katikati. Siwezi kukuficha hilo. Lakini kazi ni yako."

"Basi naitoa."

Nyumbani kulikuwa kugumu zaidi. Mama alikuwa anakaanga vitunguu, nikamweleza bila kumwambia habari yenyewe, nikisema tu kuna mambo ya mtu wa kanisani ambayo hayafai kusomwa na kila mtu.

"Lakini alikubali mwenyewe," mama alisema.

"Alikubali wasomaji wawili."

"Na wewe unajua nimeingojea hiyo first class kwa muda gani? Kila mtu kazini anaijua. Hata wagonjwa wananiuliza."

"Najua, Mama."

"Hujui." Alizima jiko. "Fanya unavyoona."

Katika nyumba yetu maneno hayo hayajawahi kuwa baraka. Kwa siku kadhaa tulipishana kwenye korido kama wapangaji.

Niliandika upya tasnifu nzima nikilizunguka lile shimo. Nilieleza juu ya kwaya, juu ya cherehani, juu ya Kiswahili cha aina mbili mezani. Haikuwa mbaya. Kila niliposoma, hata hivyo, niliisikia ikinyamaza mahali fulani katikati, kama mtu anayeruka jina katika mazungumzo.

Nilimwalika kiongozi wa kwaya kwenye siku ile kwa sababu niliona si haki kazi isomwe bila yeye. "Ile habari haimo, Mama," nilimwambia kwenye simu. "Niliitoa." Akasema aksanti, na kwamba atakuja na binti yake amfasirie, maana Kiingereza cha walimu kinakimbia.

Walikuja wamependeza, mama amevaa kitenge cha kijani alichokishona mwenyewe. Mama yangu alikuwa amebadilishana zamu ili awepo, akaketi safu ya pili na mkoba magotini. Mimi nilikuwa mbele, fundi ananibandika kipaza sauti kwenye kola, nikaona kwamba nyuma ya ukumbi pamesimamishwa mabango. Kila mwanafunzi alikuwa na lake, kubwa kama mlango, lenye picha yake na aya moja ya kazi yake. Hakuna aliyekuwa ametuonyesha kabla. Ofisi ndiyo iliyoyatayarisha, kwa mshangao wetu, na aya ilizichukua kwenye rasimu ambazo wasimamizi walikuwa wamepeleka tangu wakati wa baridi.

Mama na binti yake walikuwa wamesimama mbele ya langu. Picha yangu ilikuwa inacheka juu ya vichwa vyao.

Nilishuka jukwaani na kipaza sauti kikining'inia. Ukumbi haukuwa mrefu ila watu walikuwa wamesimama na vikombe vya kahawa, kila mmoja akitaka kunipongeza. Nilipokaribia nilimsikia mama akiuliza, kwa furaha kabisa, "Banasema nini hapo?"

Binti yake hakuwa na kawaida ya kumjibu kwa Kiswahili. Siku hiyo alijaribu, nadhani kwa ajili ya wageni, ili mama yake aone fahari.

"Inasema, mama alikuwa na... mtoto. Kijana. Na baiskeli ili... ilienda mbele." Nilimwona akirudi juu ya aya na kuisoma tena kwa macho. Kisha akauliza kwa Kiingereza, kwa sauti ndogo, "Mama, huyu ni nani?"

Mama yake hakumtazama. Aligeuza kichwa akanitazama mimi.

"Si mimi, Mama," nilisema. "Mimi niliitoa."

Alimshika binti yake mkono na wakaondoka katikati ya watu, yeye akiwaomba njia kwa Kifaransa, jambo ambalo sikuwahi kumsikia akilifanya.

Nilianza kuling'oa lile bango. Lilikuwa gumu, jepesi, halikunjiki wala halivunjiki, nikawa nahangaika nalo kama mtu anayepigana na godoro. Mfanyakazi mmoja wa ukumbi alikuja akaniambia kwa upole kwamba mabango yanakaa hadi mwisho wa shughuli. Kabla sijasema neno mama yangu alikuwa ameshafika. Alishika upande wa pili wa bango, akamwambia yule mfanyakazi kwa sauti yake ya wodini, "Samahani, tunapita," tukalibeba hadi kwenye korido tukaligeuza uso ukutani.

Ndani nilisikia jina langu likiitwa.

"Wanakuita," mama alisema.

"Nasikia."

"Basi nenda unakotaka kwenda. Nitawaambia umepata dharura."

Niliwakuta kwenye kituo cha basi. Walikuwa wamekaa kwenye benchi moja na katikati yao pana nafasi ya mtu mzima. Binti alikuwa analia kwa hasira, akijifuta kwa mkono wa koti.

"Ulijua tangu lini?" aliniuliza.

"Tangu mwezi wa kwanza."

"Mimi ninaishi naye."

Mama yake alikuwa anatazama barabara upande basi litakakotokea.

"Rudi kwa mutihani yako," alisema.

"Imekwisha, Mama."

"Rudi," alisema tena, bila ukali, kama anavyomwambia mwanakwaya aliyeanza mstari kabla ya wakati. Basi likaja. Binti alipanda ghorofa ya juu na mama akaketi chini, nyuma ya dereva, na walipopita nikawaona wote wawili, mmoja juu ya mwenzake, wakitazama mbele.

Profesa alikuja nyumbani kwetu Northfield wiki hiyo. Alikataa chai. Alisema yeye ndiye aliyeituma ile rasimu ofisini wakati wa baridi, alipoombwa, na hakuikumbuka tena, hata siku nilipokwenda kwake kuiondoa sura. Alisema hivyo mbele ya mama yangu bila kujitetea, na mama akamsikiliza kwa heshima akamsindikiza hadi kwenye gari. Nilipewa nafasi ya kueleza kazi yangu upya, kwenye chumba kidogo mbele ya wasahihishaji wawili. Waliniuliza mbona katikati ni patupu. Nikasema pana kitu ambacho si changu. Nilipata daraja la pili la juu. Tuzo ilikwenda kwa yule mtoto wa wanasheria, ambaye kwa kweli alistahili. Kwenye picha ya mahafali mama anacheka, lakini mimi namjua anavyocheka.

Kiongozi wa kwaya aliacha kuja kanisani. Kwaya iliimba bila yeye, na ilisikika. Wanawake wa kwetu waliuliza kulikoni, mama akawajibu kwamba mtu akiwa na shughuli zake aachwe nazo. Nilipiga simu, haikupokelewa. Nilipata kazi kwenye duka la viatu katika kituo cha maduka cha Northfield, na kila siku nilijiambia kwamba Jumamosi nitakwenda Hodge Hill kugonga mlango, na kila Jumamosi sikwenda.

Binti ndiye aliyekuja. Alinikuta nikipanga maboksi.

"Nataka kuzisikia rekodi," alisema.

"Mwombe mama yako. Akikubali nitakuletea."

"Hazungumzi. Nikimwuliza anaanza kupika."

"Basi siwezi."

Alinitazama muda mrefu. "Watu wa chuo walisikia," alisema. "Mimi ndiye siwezi."

Aliondoka, na mteja mmoja akaniuliza kama nina saizi nyingine ya kiatu alichoshika. Nilimletea saizi isiyo yake.

Majira ya joto yalikuwa yanaisha mama yake aliponipigia simu. Hakunisalimu. "Kuya na ile sauti," alisema.

Nilimkuta amenyoosha kitambaa cha meza na kuweka maji ya kunywa, kama mtu anayengoja wageni wa posa. Binti alikuwa ameshakaa. Mama alisema yeye hawezi kuisema mara ya pili, ile simu imsaidie kuisema, kisha akaingia jikoni akarudisha mlango bila kuufunga.

Nikabonyeza. Mvua ya siku ile ilisikika kwanza, halafu yeye. Binti alielewa mengi kuliko nilivyodhani, na pengine kuliko mama yake alivyodhani. Lakini palikuwa na maneno ya milimani ambayo hakuyajua, na kila yalipomshinda aliinua kidole, nami nikasimamisha na kumfasiria kwa Kiingereza. Nilikuwa natafsiri upya ile sura niliyoiondoa, sentensi kwa sentensi, kwa mtu pekee ambaye haikukusudiwa imfikie. Tulipofika kwenye baiskeli nilimwambia binti kwamba hapo walitenganishwa na umati.

"Hapana," ilisema sauti ya jikoni.

Mama alikuja akasimama mlangoni na taulo mkononi.

"Usimdanganye. Hakuna mutu alitutenganisha." Akamgeukia binti yake, na maneno yaliyofuata aliyasema kwa Kiingereza, Kiingereza chake cha kazini, neno moja moja. Alisema, mimi nilimwachilia mkono. Mkono wake ulikuwa huu. Wewe ulikuwa mgongoni.

Nikaizima simu. Habari iliyobaki aliisimulia mwenyewe, nusu Kiswahili nusu Kiingereza, akiwa amesimama vile vile, na binti yake hakuinua kidole tena. Sijui niliondoka saa ngapi wala nani alinifungulia mlango. Kabla ya kutoka niliziweka rekodi zote kwenye simu ya binti, nikazifuta kwenye yangu huku wote wawili wanaona.

Kuna shirika linalotafuta watu waliopotezana vitani. Binti aliwaandikia, wakajibu kwamba wamepokea. Hadi leo hawajajibu zaidi ya hapo. Yeye na mama yake siku nyingine wanaongea na siku nyingine hawaongei. Hayo ameniambia mwenyewe, kwa ufupi, tulipokutana mjini. Sisi si marafiki, ila tukionana tunasimama.

Jumapili moja mama yake alirudi kanisani. Hakwenda kwenye kwaya. Ulipofika wakati wa maombi, mchungaji alipouliza nani ana hitaji, alisimama katikati ya safu. Alisema anaomba kanisa limwombee mtoto wake wa kiume, akalitaja jina lake, mbele ya Wakenya wote na Wakongo wote, na akaketi. Sikuwa nimewahi kulisikia jina hilo. Hata kwenye rekodi hakulitaja.

Watu walianza kuomba kwa sauti, kila mtu na lake. Mama yangu aliniinamia.

"Huyo kijana angekuwa na umri gani sasa?" aliuliza.

Nilihesabu kichwani nikamwambia angekuwa amenizidi kidogo tu. Mama akafumba macho, akaushika mkono wangu, akaomba.